Injini Inayovuta Hewa kwa Mlango wa Nyuma

Somo la ufundi wa magari kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Katika masomo yaliyopita tulijifunza namna ya kufungua kabureta, kuisafisha na kuifunga. Leo tutajifunza jambo linalowasumbua mafundi wengi baada ya kazi hiyo. Vipuri ni vipya, gasketi ni mpya, kila kitu kimeoshwa kikang'aa, lakini injini haitulii. Kwa nini?

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha yaandikeni katika madaftari yenu.

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa.

Manifoldi ni bomba lenye matawi. Manifoldi ya kuingiza hupeleka mchanganyiko wa hewa na petroli katika silinda. Manifoldi ya moshi hutoa moshi nje.

Gasketi ni karatasi ngumu au bati jembamba linalowekwa kati ya vyuma viwili ili pasipite hewa, maji wala mafuta.

Sailensi ni neno la mafundi. Maana yake ni mwendo wa injini inapozunguka polepole, gari likiwa limesimama na mguu haupo juu ya pedali ya mafuta.

Ombwe ni mahali palipoondolewa hewa. Pakiwa na ombwe, hewa ya nje hutaka kuingia kwa nguvu, kama vile maji yanavyopanda ndani ya mrija unapoyafyonza.

Gari la zahanati

Tuchukue mfano. Zahanati ya kijiji ina Land Rover ya zamani yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Injini ya namna hiyo ilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958, na yapo magari yanayoitumia hadi leo. Gasketi ya manifoldi iliungua, basi fundi akafungua manifoldi, akafungua na kabureta, akasafisha, akafunga tena.

Jioni anawasha gari. Injini inawaka, lakini ikiwa katika sailensi inatetemeka, sauti inapanda na kushuka, kisha inazima. Fundi akivuta choki kidogo, inatulia. Akikanyaga pedali ya mafuta ghafla, kabureta inakohoa. Lakini akilipeleka gari barabarani na kwenda mbio, linakwenda kama kwamba halina ugonjwa wowote.

Mafundi wengi hapo hushika bisibisi. Huzungusha skrubu ya sailensi mpaka injini ikimbie kidogo na isizime, kisha humrudishia mwenyewe gari lake. Kufanya hivyo ni kama kumpa mgonjwa wa malaria kidonge cha kuumwa kichwa na kumwambia aende nyumbani. Kichwa kitapoa leo, lakini malaria imebaki mwilini. Usiku ukifika, mama mja mzito akiwa amelazwa nyuma ya gari lile, injini itazima njiani. Ndiyo sababu tunajifunza kutafuta ugonjwa wenyewe.

Kwa nini injini huugua hivi

Fikiri juu ya karamu ya harusi. Karani amesimama mlangoni, anahesabu wageni. Kila mgeni anayepita, karani anamwambia mpishi atoe sahani moja. Chakula kinatosha. Lakini mlango wa nyuma ukiachwa wazi, watu wataingia bila kuhesabiwa. Mpishi atatoa sahani zile zile alizoambiwa, na chakula kitapungua.

Kabureta ni karani huyo. Hewa inayopita katika koo la kabureta hupimwa, na petroli hutolewa kwa kadiri yake. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue vizuri. Lakini hewa ikiingia chini ya kabureta, kwa mfano penye gasketi iliyokaa vibaya au mpira uliopasuka, haikupimwa na mtu. Ndani ya silinda hewa inakuwa nyingi na petroli inakuwa haba.

Pengine utauliza: Kwa nini ugonjwa huonekana zaidi katika sailensi? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni nguvu ya mvuto. Ndani ya kabureta kuna kisahani kinachoitwa kipepeo. Ukiondoa mguu kwenye pedali, kipepeo hufunga njia. Pistoni zinaendelea kufyonza, lakini njia imezibwa, basi ombwe ndani ya manifoldi linakuwa na nguvu sana. Kitundu chochote kitavuta hewa. Ukikanyaga pedali, kipepeo hufunguka na ombwe hupungua.

Sababu ya pili ni hesabu. Tuseme kitundu kinaingiza kikombe 1 cha hewa, na injini katika sailensi inataka vikombe 10 tu. Kikombe kilichozidi ni sehemu 1 katika 10. Injini ikienda kasi inataka vikombe 100. Kikombe kile kile kimekuwa sehemu 1 katika 100, na injini haikisikii.

Basi shika alama hii: injini inayoumwa katika sailensi na kupona katika mwendo wa kasi, huenda inavuta hewa kwa mlango wa nyuma.

Usidhani kwamba kosa hili ni dogo kwa kuwa gari linakwenda. Tundu likiwa kubwa, silinda hukosa petroli hata gari linapopanda mlima na mzigo. Joto huzidi, na vali ya moshi au kichwa cha pistoni huweza kuungua. Gasketi ya bei ndogo inageuka kuwa gharama ya kufungua injini nzima.

Kwanza hakikisha

Si kila injini inayotetemeka inavuta hewa. Kabla ya kutafuta tundu, tazama mambo matatu.

Tazama nyaya za plagi. Katika injini hii silinda huwaka kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2. Fundi aliyechomoa nyaya ili apate nafasi ya kazi huweza kuzirudisha mahali pasipo pake.

Fungua plagi uzitazame. Ncha yenye rangi ya kahawia ni ya injini yenye afya. Ncha nyeupe kama chokaa yaonyesha kwamba petroli ni haba. Nyeusi yenye masizi yaonyesha kwamba petroli imezidi, nao ni ugonjwa mwingine.

Kisha vuta choki kidogo injini ikiwa imepata joto. Ikitulia, ujue ilikuwa na njaa ya petroli. Lakini hapa usikate shauri upesi. Kijitundu cha petroli ya sailensi kikizibwa na uchafu, injini hupenda choki vile vile. Mtihani wa maji, ambao tutauona sasa hivi, ndio utakaotenga magonjwa haya mawili.

Njia za kutafuta tundu

Gari liwe nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wa injini huua. Gia iwe huru, breki ya mkono iwe imevutwa, na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Usivae nguo yenye mikono mipana wala kujifunga kanga au shuka karibu na feni.

Na kanuni ya kwanza ni hii: ugonjwa uliokuja baada ya kazi, utafute kwanza pale ulipofanya kazi. Kabla hujafungua manifoldi, injini haikuwa ikikohoa hivi. Basi anza mahali mkono wako ulipopita.

Njia ya kwanza ni macho na masikio. Fuata kila mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. Uko mpira mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta. Uko mpira mnene unaokwenda kwenye servo ya breki, kama gari lina servo. Je, umerudishwa? Je, umepasuka penye kona? Je, liko tundu kwenye manifoldi lililokuwa na kizibo, na sasa halina? Kisha twaa kipande cha mpira chenye urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni, na ncha ya pili uipitishe polepole kwenye maungio, mbali na feni. Hewa inayopita penye kitundu hupiga mluzi, na mpira utakuletea mluzi huo sikioni.

Njia ya pili ni kubana. Injini ikiwa katika sailensi, bana mpira mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Sauti ikibadilika na injini ikatulia, tundu liko mbele ya mahali ulipobana. Isipobadilika, achia, ubane mwingine. Usibane mipira miwili kwa mara moja, kwa sababu hutajua ni upi uliojibu.

Njia ya tatu ni maji ya sabuni. Tia maji na sabuni kidogo katika chupa ya kupulizia. Puliza matone machache penye ungio moja, kisha ngoja na usikilize. Puliza chini ya kabureta, kisha penye kila mguu wa manifoldi, kisha penye ncha mbili za fimbo inayobeba kipepeo. Maji yakifika penye tundu, yatalifunga kwa muda mfupi au yatafyonzwa ndani, na sauti ya injini itabadilika. Hapo ndipo pabovu. Rudia mara tatu. Kama inajibu mara zote tatu mahali pale pale, umepata. Kama umezunguka kila ungio na injini haikujibu hata mara moja, rudi kwenye kabureta ukatazame kile kijitundu cha sailensi. Usimwage maji mengi juu ya chuma chenye moto mkali, maana chuma huweza kupasuka, wala usilowanishe distribyuta na nyaya za plagi.

Sikilizeni vizuri neno hili. Wako mafundi wanaopuliza petroli badala ya maji, kwa kuwa injini huijibu upesi. Msifanye hivyo. Katika Land Rover tuliyoitaja, manifoldi ya kuingiza na manifoldi ya moshi ziko upande mmoja na zimeshikana. Petroli inayodondoka hudondokea chuma chenye moto. Gari laweza kuwaka, na fundi pamoja nalo.

Njia ya nne ni kipimo cha ombwe. Ni saa yenye mshale, ambayo mpira wake hufungwa kwenye tundu la manifoldi. Hupima kwa inchi za zebaki. Injini nzima ikiwa katika sailensi huonyesha inchi 17 hadi 21, na mshale husimama bila kutikisika. Mshale ukisimama chini ya hapo kwa inchi kadhaa, huenda kuna tundu, au moto wa plagi unachelewa.

Lakini angalia unaishi wapi. Hesabu hiyo ni ya pwani, kama Dar es Salaam au Mombasa. Juu milimani hewa ni nyepesi, na kipimo hupungua inchi 1 hivi kwa kila meta 300 za kupanda. Nairobi iko juu kiasi cha meta 1,700. Gawanya 1,700 kwa 300, utapata 5 na zaidi kidogo ya nusu. Basi injini nzima ya Nairobi huonyesha inchi 11 hadi 15 hivi. Fundi wa Nairobi anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani, asipofanya hesabu hiyo, atafungua injini isiyo na kosa.

Kufunga sawasawa

Tundu limepatikana. Tuseme liko kwenye mguu wa manifoldi. Usikimbilie kukaza nati kwa nguvu zako zote. Kukaza sana hukata stadi, au hupinda masikio ya kabureta yakawa kama mdomo uliokunjwa, na tundu likazidi. Fanya hivi:

1. Zima injini, ngoja ipoe, fungua.

2. Kwangua gasketi ya zamani yote. Kipande kidogo kama ukucha kikibaki, kitaacha mwanya. Ziba matundu ya injini kwa kitambaa safi ili taka zisiingie, na kumbuka kukitoa.

3. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi. Tazama kwa mwanga upande wa pili. Ukiona mwanga kati ya rula na chuma, uso umepinda. Upeleke kwa fundi wa mashine ausawazishe. Gasketi mbili hazinyooshi chuma kilichopinda.

4. Weka gasketi mpya. Usipake silikoni ya kawaida mahali panapopita petroli. Petroli huilainisha, vipande hukatika na kuingia ndani ya injini.

5. Nati zinazounganisha manifoldi mbili, ya kuingiza na ya moshi, ziache zilegee kidogo. Funga manifoldi zote kwenye silinda hedi kwanza, ili kila moja ilale sawa juu ya uso wake. Baada ya hapo ndipo ukaze zile za kuziunganisha. Ukizikaza kabisa juu ya meza, moja huweza kuizidi nyingine kwa unene wa karatasi tu, na mwanya huo watosha kuwa mlango wa nyuma.

6. Kaza nati kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu, mpaka ufike kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Washa injini ipate joto, zima, ngoja ipoe, kisha pima nati tena.

Kama tundu liko penye fimbo ya kipepeo, shika fimbo uitikise. Ikicheza, matundu yake yamelika kwa miaka mingi, na hakuna gasketi itakayoponya. Yanataka bushi mpya.

Ukimaliza, rudia mtihani wa maji. Injini isipojibu popote, sasa ndipo unaposhika bisibisi na kurekebisha skrubu ya sailensi. Bisibisi ni ya mwisho katika kazi hii.

Usisahau breki

Gari lenye servo ya breki hutumia ombwe lile lile la injini kumsaidia dereva kukanyaga. Mpira wa servo ukivuja, pedali ya breki huwa ngumu na dereva huhitaji nguvu nyingi kusimamisha gari. Kabla ya kumkabidhi mtu gari, pima hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Iache chini ya mguu wako, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, servo inapata ombwe. Isiposhuka, gari lisitoke.

Magari ya siku hizi

Wengine mtasema: Magari ya leo hayana kabureta. Ni kweli. Mengi yana kompyuta na sindano za petroli. Lakini karani bado yuko. Katika magari mengi, kifaa kidogo kilicho baada ya chujio hupima hewa inayoingia, na hewa inayopita nyuma yake haihesabiwi, kama zamani. Kompyuta hujaribu kuongeza petroli. Ikishindwa, huwasha taa kwenye dashibodi, na mashine ya kusomea yaweza kuonyesha namba P0171, yaani petroli ni haba kuliko hewa. Yako pia magari yanayopima mgandamizo ndani ya manifoldi yenyewe. Hayo yakivuta hewa, sailensi hupanda juu kuliko kawaida.

Namba ile haisemi tundu liko wapi. Haisemi hata kwamba kuna tundu, kwa maana pampu dhaifu ya petroli huleta namba hiyo hiyo. Macho, masikio, kubana mpira na maji ya sabuni bado ni kazi ya mtu. Gereji nyingine zina mashine inayopuliza moshi mwepesi ndani ya manifoldi injini ikiwa imezimwa, na fundi hutazama moshi unatokea wapi. Nayo ni njia nzuri.

Maswali ya kujibu katika daftari

1. Kwa nini hewa inayoingia chini ya kabureta huleta njaa ya petroli?

2. Kwa nini tundu dogo huonekana zaidi injini ikiwa katika sailensi?

3. Arusha iko juu kiasi cha meta 1,400. Kipimo cha ombwe cha injini nzima hapo kitapungua inchi ngapi hivi kuliko pwani?

4. Kwa nini hatupulizi petroli ili kutafuta tundu?

5. Andika kwa maneno yako mambo matatu ambayo fundi wa gari la zahanati ayafanye kabla ya kushika bisibisi.

Mwalimu wa kikundi, kama kuna gari karibu na darasa na mwenyewe ameruhusu, wanafunzi waende walitazame. Kila mmoja aguse mpira mmoja, injini ikiwa imezimwa, aseme unatoka wapi na unakwenda wapi. Anayejua njia za hewa injini ikiwa nzima hatapotea siku ikiugua.

Katika somo lijalo tutasoma plagi na rangi zake kwa urefu zaidi. Njooni na plagi moja ya zamani kama mnayo. Kwaherini.